Dawa Yake Kiu

Miaka kumi na mmoja pua yangu ililipwa mshahara.
Sangara walipita mbele yangu kwenye mkanda,
nikifunua shavu, nikiinama, nikinusa:
huyu aende, huyu aende, huyu atolewe.
Sikuhitaji mashine. Uozo una mlango wake,
na mimi nilishazoea kubisha hodi.

Kwa hiyo jana usiku, umeme umekatika,
nilipopita dirishani nikasimama.
Sikuwa nimepika samaki.
Harufu ilitoka kwenye chungu cha okidi.

Ua hilo niliokota kwenye pipa la getini
siku tuliyofukuzwa, zamu nzima ya usiku, watu arobaini na wawili,
kwa sababu mtu mmoja alitoka na minofu ndani ya sweta.
Meneja alipanda juu ya kreti akaanza methali,
samaki mmoja akioza,
hakuimalizia. Tuliimalizia wenyewe tukivua gambuti.
Ua lilikuwa limekaa mapokezi tangu Krismasi
limevikwa karatasi la dhahabu.
Lilipopukutika, nalo likafukuzwa.
Nikalibeba kwa miguu mpaka Mabatini,
nimelikumbatia kama mtoto wa mtu.

Na nililipenda vibaya.
Asubuhi kikombe, jioni kikombe.
Bomba letu hutoa maji Jumanne na Ijumaa; lilikunywa kabla yangu.
Sikujua kuwa chini ya dhahabu hapana tundu.
Majani yakalegea, nikadhani kiu.
Nikaongeza.

Mbuke wa chumba cha pili akachungulia:
"Si ukanunue la plastiki Makoroboi? Elfu tatu, na halifi."
Nikamwambia anishikie tochi.

Nililing'oa. Mizizi ikabaki mkononi kama tambi za jana.
Nikatoa kisu changu cha kiwandani, ambacho hawakukumbuka kunidai,
nikakipitisha kwenye moto wa jiko mpaka ncha ikabadilika rangi,
nikaanza kazi ninayoijua.
Bonyeza. Ukitoa maji ya kahawia, kata.
Ukikaza, acha.
Kata. Kata. Panda juu kidogo, kata tena,
mpaka penye weupe.
Mbuke akahesabu kwa sauti: kumi na saba sakafuni.
Mitatu ikabaki, miwili migumu kama kamba ya kiatu kipya.

Methali ingetupa yote.

Kila jeraha nikalipaka unga wa mdalasini,
mabaki ya chai ya Idi, tena ya Mbuke mwenyewe
("Mdalasini wangu, unatibia majani!"),
nikaliacha ndani ya chujio usiku kucha, likauke.
Leo nimepasua mkaa vipande vya ukubwa wa kete,
nimebandua magome kwenye kuni za jirani,
nimetoboa kopo la rangi kwa msumari wa moto, matundu tisa,
nikalipanda bila kulibana.
Karatasi la dhahabu nililitia jikoni.
Halikuwaka. Lilijikunja tu.

Sasa ndiyo sehemu ngumu.
Kutoka dirisha hili, kati ya majabali mawili na mabati ya watu,
ninaliona ziwa, kipande chenye upana wa kanga,
maji ambayo mimi sijawahi kuona ng'ambo yake,
na dawa yake ni kiu.
Siku saba. Nane, kukiwa na mawingu.
Mkono unakwenda kwenye kikombe, naurudisha.

Mchana Penina wa zamu yetu alipiga simu.
Kiwanda kinarudisha watu, si wengi,
wale watakaosaini karatasi ya kumtaja mwizi.
"Wewe na hiyo pua yako," akasema, "huwezi kuwa hukujua."
Nilijua. Nilimnusa tangu ngazini,
na nilijua pia nyumbani kwake walikuwa wangapi.

Nikamwambia nina mgonjwa, anipigie Ijumaa.
Nilikuwa ninabonyeza mzizi wa tatu,
ule ambao bado sina hakika nao.